Vimulimuli Mchana

Shule niliishia darasa la pili. Lakini waulize watu wa Zinga nani wa kwanza kwao kununua lori, kwa fedha za mbata, nazi alizozikausha kwa mikono yake. Watakwambia ni mimi. Kila nilichojua nilijifundisha mwenyewe, na kufundishwa na mtu sikupenda.

Mke wangu alipofikisha mimba ya miezi saba, miguu ilimvimba. Nikampeleka Bagamoyo kwa lori langu mwenyewe. Daktari akambonyeza juu ya kifundo cha mguu, pakabaki shimo.

"Kila asubuhi bonyeza hivi, bibie. Mimi niko mbali, daktari wa mguu huu ni wewe. Haya, nambie, utafanyaje?"

Mke wangu akanitazama. Kwetu mwanamke hamjibu mwanamume wa nje na mumewe yupo. Nikajibu mimi: "Atabonyeza."

"Nimemuuliza yeye."

"Niambie mimi, daktari. Mwenye nyumba ni mimi."

"Na mimba umebeba wewe?"

Wanawake kwenye benchi wakaangua kicheko. "Mwacheni bwana lori," mmoja akasema, "atazaa mwenyewe!"

Mimi huyu, ninayeamkiwa na soko zima! Nikamwambia mke wangu akanisubiri nje. Daktari akanipa mimi yaliyobaki: kichwa kikimgonga, au akiona kama vimulimuli mbele ya macho, asingoje mtu, aje siku ile ile. "Mweleze kama nilivyokueleza. Kisha naye akwambie kwa maneno yake, ujue kaelewa."

"Nimeshika," nikasema.

Na nilishika kweli, mpaka leo sikosei neno. Ila sikumwambia. Njiani nilikuwa na hasira, nikazungumza habari za nazi. Nyumbani nikaona ya nini kumtia hofu, na mimi ninayejua nipo. Wiki ya tatu nikaenda Msata kuchukua mahindi, nikakaa siku nne.

Niliporudi, dada yangu alinikimbilia barazani. Kichwa kilikuwa kinamuuma mke wangu tangu juzi, wakamfunga kitambaa. "Na jana kaniambia, 'Wifi, mbona naona vimulimuli na jua lote hili?' Tukacheka, kaka. Hata yeye alicheka."

Ndani nilimkuta amekakamaa, meno yameumana, hamjui mtu. Lori lile halijapata kukimbia vile. Hakupona, wala mtoto.

Daktari aliniuliza neno moja tu, kalamu mkononi: "Ulimwambia?"

Mimi, ambaye mbata zangu hakuna mnunuzi aliyewahi kuzirudisha, nikasema, "Nilimwambia."

Akaandika. Akakaa akiitazama ile karatasi. "Basi alijua," akasema.

Maneno yalifika matangani kabla ya uji: marehemu alielezwa na daktari, akadharau. Siku ya tatu mama yake akaja mpaka nilipoketi, ukaya umemfunika uso, akaniomba nimsamehe binti yake kwa ukaidi wake.

Nikamwambia nimemsamehe.