Msusi Aliyejaza Darasa la Fizikia

Msusi huyu alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichopasuka kona ya juu, na draya kuukuu ambayo ikiwashwa ilinguruma kama mashine ya kusaga. Mteja akishasukwa nusu kichwa hana pa kwenda. Hawezi kutokeza barabarani upande mmoja mistari, upande mwingine kichaka. Kwa hiyo atasikiliza. Kwa miaka kumi na sita wanawake wa mtaa ule walisikiliza habari za ndoa zilizovunjika, dawa za mba na namna ya kulea waume. Mwaka ambao binti yake wa pekee alifika kuchagua masomo ya kidato cha juu, walisikiliza habari za mitihani.

Ilianza na karani wa baraza la mitihani, mwanamke mpole aliyekuja kusukwa kila baada ya wiki tatu.

"Hivi dada," msusi akamuuliza Jumamosi moja, "ni kweli huko kwenu mnazichezea alama za watoto?"

"Hatuzichezei, tunazisawazisha," karani akasema. "Sitini ya fizikia si sawa na sitini ya historia. Fizikia hupandishwa, pengine sitini ikawa sabini na moja. Historia hushushwa, sabini na tano ikawa sitini na tano. Vyuo vikuu vinaangalia zile zilizokwisha sawazishwa."

Kisha akaanza kueleza sababu. Lakini mteja wa kiti cha pili alikuwa ndiyo kwanza amewekwa chini ya draya, na sababu yote ikamezwa na ngurumo. Msusi aliiona midomo ya karani ikicheza, akatikisa kichwa kwa adabu kama mtu aliyeelewa. Nusu aliyoisikia ilimtosha.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na saba. Mtaani wengi waliitwa kwa majina yao, lakini yeye aliitwa Wakili, maana hakuwahi kukubali kosa bila kukata rufaa. Alipenda historia kama wengine wanavyopenda umbeya, na kwa sababu hiyohiyo. Wafalme waliokufa miaka mia tano iliyopita aliwasema kama majirani: huyu mchoyo, yule aliponzwa na shemeji yake. Alitaka kwenda chuo kikuu kusomea sheria.

"Sheria sawa," mama yake alimwambia jioni ile, "lakini historia hapana. Wafalme wenyewe wameshaoza, bado wakupunguzie alama?"

"Mama, fizikia siiwezi."

"Nani kakwambia uiweze? Wewe pata sitini, nyingine watakuwekea wenyewe."

Binti, pamoja na ubishi wake wote, alichukua karatasi akapiga hesabu, na hesabu ikamgeuka, ikawa upande wa mama. Akaandika Fizikia kwenye fomu kwa mwandiko wa mtu anayetia saini hukumu yake mwenyewe.

Lau msusi angeishia hapo, lingekuwa jambo la nyumbani. Lakini siri kwake ilikuwa kama maji kwenye kikapu. Kila mteja mwenye mtoto wa umri ule aliondoka na kichwa kilichosukwa na agizo la fizikia. Wakampachika jina la Mama Mizani, naye akalipokea bila haya. Wala hakuwa peke yake. Mwaka ule uvumi huo ulikuwa umeenea nchi nzima, na kila saluni na kila kijiwe kilikuwa na profesa wake. Kwenye shule ya mtaa, darasa la fizikia ambalo miaka yote lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja likafika hamsini na wanne. Wakahamishiwa bwalo la chakula, wakawa wanafundishwa kanuni za mwendo katikati ya harufu ya kabichi.

Wiki ya sita, mwalimu wa fizikia alitokea mlangoni mwa saluni. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na kichwani hakuwa na unywele hata mmoja wa kusingiziwa. Wanawake watano wakamkodolea macho.

"Karibu, mwalimu," msusi akasema. "Ila hapa kwetu tunahitaji walau pa kuanzia."

Wakacheka. Mwalimu alingoja wamalize.

"Sikufuata nywele, mama. Nimefuata fizikia. Naambiwa wanafunzi wangu wengi wametokea hapa."

"Si ufurahi? Somo lako limependwa."

"Halikupendwa, limevamiwa. Sikiliza, mama. Fizikia haipandishwi kwa sababu ni fizikia. Baraza linaangalia waliolisoma somo wanafanyaje katika masomo yao mengine. Wale wachache waliokuwa wakiichagua zamani walikuwa wakali kila mahali, ndiyo maana walipandishwa. Sasa wamekuja waliofuata nyongeza, hapa kwangu na kwa wenzangu shule nyingine. Nyongeza itaondoka. Ni kama chai: ukiongeza maji kwa kila mgeni anayeingia, mwisho mnakunywa maji ya moto."

"Mwalimu, unabana," msusi akasema. "Ulizoea watoto kumi na mmoja na usingizi wa mchana. Kazi imeongezeka, sasa unatafuta wa kufukuza."

"Akili ni nywele," mteja mmoja akachangia kutoka kiti cha pili, "kila mtu ana zake." Kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza.

Mwalimu akatoa karatasi mfukoni. "Hili ni jaribio la bintiyo. Niliuliza kwa nini kitu kikiachiwa hewani huanguka chini. Ameniandikia ukurasa mmoja na nusu juu ya watu waliobishana kuhusu jambo hilo: nani alimwonea nani wivu, nani alifukuzwa kazi. Nimempa sifuri." Akaiweka mezani kati ya vitana. "Lakini nimeisoma mara mbili. Mwisho wa kubadilisha masomo ni Ijumaa." Akaaga, akaenda zake.

Msusi alimcheka mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akaichukua ile karatasi, aone tu sifuri yenyewe inafananaje. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akafika mwisho wa ukurasa akageuza. Mteja aliyekuwa kitini akauliza, "Umeshamaliza?" Ndipo akakumbuka kwamba alikuwa ameshika kitana hewani muda wote huo, na kwamba alitaka kujua yule aliyefukuzwa kazi aliishia wapi.

Akampigia simu karani.

"Hebu nirudie ile sababu ya kupandisha alama."

"Si nilikueleza? Ulitikisa kichwa."

"Draya ilikuwa inanguruma."

Karani akaeleza upya, na maelezo yake yalikuwa yaleyale ya mwalimu, kasoro chai.

Nyumbani alimkuta binti amelala kifudifudi juu ya kitabu cha fizikia, kama mtu aliyeanguka nacho.

"Kesho tunakwenda kubadilisha somo," akamwambia. "Unarudi historia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikosea."

Binti akainuka taratibu. Kwa wiki sita alikuwa ameandaa kesi yake, hoja ya kwanza mpaka ya tisa, na sasa mpinzani ameweka silaha chini kabla hajaitwa.

"Hebu rudia," akasema.

"Usinizoee."

Kazi ngumu ilikuwa kwa wateja. Kabla ya Ijumaa msusi aliwatafuta wote aliowatuma, mmoja mmoja, akiwaambia wawatoe watoto fizikia, isipokuwa wanaoipenda. Alidhani watamlaumu. Hakutegemea kwamba hawatamwamini.

"Wako umeshamtoa," mke wa seremala alimwambia, "sasa unataka kututolea na wetu. Una lako jambo. Unabana."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa alilijua lilikotoka. Kati ya watoto ishirini na kitu, saba tu ndio waliohamishwa. Mteja mmoja alikasirika akaondoka nusu kichwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale saluni.

Miaka miwili baadaye matokeo yakatoka. Safari hii sitini ya fizikia ilishushwa ikawa hamsini na nane. Historia, ambayo watoro walikuwa wameikimbia na kuwaachia wenye nayo, ilishushwa kidogo mno: binti alipata themanini na mbili, akabakiwa na themanini. Hata hivyo, masomo yake mengine hayakumbeba, na sheria akaikosa kwa alama mbili. Alilia siku mbili. Siku ya tatu aliandika rufaa ya kurasa nne, akajibiwa kwa mistari mitatu. Wakampangia kusomea utunzaji wa nyaraka za kale, kozi ambayo nyumbani kwao hakuna aliyejua kama ipo.

Mwezi wa tatu chuoni alipiga simu saluni mchana wa kazi. "Mama, wametupa sanduku la barua za mahakama za miaka mia iliyopita. Kuna bwana aligombana na jirani yake kuhusu mbuzi mmoja kwa miaka kumi na miwili, na barua zote zipo."

"Nani alishinda?"

"Mbuzi alikufa mwaka wa pili. Wao wakaendelea."

Msusi alicheka hadi akaketi. Wateja wakamuuliza binti anasomea nini. "Sheria za zamani," akasema.

Wiki hiyohiyo aliingia mke wa seremala. Binti yake alikuwa amebaki fizikia kwa ukaidi wa mama, kumbe alikuwa na kipaji nayo. Amepata themanini na tisa, na uhandisi wamemchukua. Mbele ya saluni nzima akamshika msusi mikono miwili.

"Bila wewe, dada, mwanangu angepotea. Ulituonyesha njia."

Msusi alikumbuka vizuri jinsi alivyosimama uani kwa mwanamke huyu, akimsihi amtoe mtoto. Alimtazama usoni, akaona mwenzake amesahau kabisa, au amejitia kusahau.

"Mimi nilijua tu," akasema, akamfunga taulo shingoni. "Kaa. Leo tunasuka nini?"