Very na Too

Mvuke wa chai ya tangawizi ukinipiga usoni, huwa namkumbuka jirani yetu katika mtaa wa mabanda wa Lindi, mwalimu wa nasari. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ghasia za uchaguzi, kwa hivyo alikuwa akinifunza Kiingereza kwetu.

"Chai ikiwa very hot, unangoja ipoe," aliniambia. "Ikiwa too hot, hiyo huiwezi."

Asubuhi moja alikuja na godoro kichwani. Watu walikuwa wameandika "Hama" mlangoni pake kwa makaa. Mama akammiminia chai.

"Ngoja kidogo, Mwalimu. Mambo yatapoa."

Akanitazama mimi. "Mwambie mamako. Hii ni too."

Akajitwika godoro lake, akaenda; chai yake ilibaki mezani. Niliingoja ipoe, nikainywa yote.