Udongo wa Ilungu

Baltazari wa Mollo hakuwa bahili, msimsingizie. Alikopesha jembe, aligawa mbegu, na mgeni hakutoka kwake na njaa. Ila kuona kitu kizuri kikitupwa kulimuuma. Kola ya shati ikichakaa aliigeuza, na ikichakaa upande wa pili shati likawa tambara la kufutia baiskeli. Mkewe, Scola, alimtania kwamba akifa atataka azikwe na misumari ya zamani mfukoni, huenda huko aendako kuna mlango wa kutengeneza.

Huyo Scola ndiye aliyekuwa roho yake. Watoto wote walikwishaondoka, na Leonia, binti yao mkubwa, alikuwa akiuza nafaka Sumbawanga mjini. Walibaki wawili, na kifua cha Scola kilikuwa kimeharibiwa na moshi wa kibatari. Alikohoa tangu magharibi hadi usingizi umchukue. Mwaka ule alisema, tena bila ugomvi: "Baba Leonia, kipupwe kingine kikinikuta bado navuta moshi huu, nakwenda kukaa kwa Leonia. Kwake kuna umeme." Baltazari aliitikia kwa kichwa. Alimjua mkewe: hakuwa mtu wa kutisha watu.

Bahati ikawa upande wao, nguzo zikafika kijijini. Kuunganishiwa hakukuwa ghali, hata mwenye gunia moja la mahindi angemudu, mradi nyumba yake iwe karibu na nguzo. Timoth, fundi wa kutandaza nyaya, akaja kupima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tutafikiwa?"

"Mtafikiwa. Waya unatoka nguzo ya mwisho unakuja moja kwa moja hapa. Ila hilo dude limesimama njiani. Ama liondoke, ama ununue nguzo ya kulizungukia. Na hizi kuta zina nyufa, mzee. Zisiribe upya, ndipo nipitishe nyaya."

Bei ya nguzo ya ziada ilikuwa sawa na ng'ombe wawili, na Baltazari alikuwa nao wawili tu, wa kulimia.

Dude lenyewe lilikuwa ilungu, tanuru la udongo, refu kumpita mtu, ambamo babu yake na wenzake waliyeyusha chuma cha majembe. Wazee wale waliliita bibi harusi wao. Walilipaka mafuta ya nyonyo, waliliimbia, na siku zote za kazi walilala huko huko porini bila kuwagusa wake zao, maana huyo wa udongo alikuwa na wivu. Ndiyo sababu malungu yalijengwa mbali na makazi. Hili nalo lilikuwa mbali. Ni watu walipokusanywa vijijini ndipo nyumba zikalifuata.

Baltazari alilibomoa asubuhi moja ya ukungu. Lingeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alipoyatazama yale mabonge, mekundu, magumu, yaliyoiva kwa moto wa miaka mingi, mkono ukamwasha. Saruji ilikuwa ghali. Akayatwanga, akayachekecha, akachanganya na udongo mbichi, akasiriba chumba cha kulala na sebule.

"Baba Leonia," Scola alisema akiwa mlangoni, "udongo huo si ungeuacha huko nje?"

"Udongo ni udongo, mama."

Ilikuwa masika, wakati ambapo nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka. Ukuta ule ulikauka kabla ya jua kuzama. Scola alipouegemea akauliza kama kuna moto umewashwa chumbani. Hapakuwa na moto.

Umeme ukawaka. Scola alicheka peke yake chini ya taa, na kikohozi kikaanza kupungua. Furaha hiyo haikudumu hata mwezi. Chumbani pakaanza kunukia mafuta ya nyonyo. Mara Scola akakuta kanga zake zimekunjwa vizuri na kuwekwa barazani, akadhani ni mumewe. Mumewe akadhani ni Scola mwenyewe. Scola akitoka shamba anakuta nyumba imefagiwa na mtungi umejaa. Maharage aliyopika yeye yakagoma kuiva, kuni zikiteketea bure. Padri aliitwa, akabariki nyumba. Matone ya maji ya baraka yalipogusa ukuta yalikauka palepale, na padri akaaga mapema kuliko alivyokusudia.

"Bandua udongo huu," Scola alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, akitazama ukuta wakati akisema.

Baltazari aliogopa, na tusimcheke kwa hilo. Alimwita Timoth. Timoth akamweleza kuwa nyaya zote zimelala ndani ya udongo huo. Kuubandua ni kuanza upya, na malipo upya. Basi ile tabia yake ikamshika kooni. "Subiri nivune ulezi," alimwambia mkewe. "Nikishavuna nautoa wote."

Scola hakubishana. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye kitenge, jua likiwa limekwishachomoza.

"Nyumba moja haina wanawake wawili, Baba Leonia. Na mimi si mgeni hapa, nisingojee mpaka nifukuzwe."

Baltazari alimsindikiza hadi barabarani, akambebea mzigo. Bodaboda ikamchukua mkewe kwenda mjini.

Ulezi ulipoingia ghalani Baltazari akaenda Sumbawanga kumrudisha. Alikuwa na fedha ya kubandua ukuta, na aliapa njia nzima kwamba safari hii fedha hiyo ataitoa yote. Alimkuta Scola uani kwa Leonia akipepeta mchele, kifua kimetulia kabisa. Alimweleza yote, akamwomba radhi kama mtu mzima anavyoomba, bila kuzungushazungusha.

Scola aliweka ungo chini, akamtazama vizuri. Shati lake lilikuwa limefuliwa na kunyooshwa. Kola, ambayo yeye aliiacha imechakaa, ilikuwa imeshonwa kwa mkono, mishono midogo myembamba. Mashavu ya mumewe yalikuwa yamejaa kuliko alivyomwacha.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula kabla ya kutoka."

"Nani amekupikia?"

Baltazari alifungua kinywa amjibu kwamba amejipikia mwenyewe. Ndipo akakumbuka kwamba tangu mkewe aondoke hajawahi kuwasha moto jikoni.