Shimo Langu la Utafiti Limezikwa

Jamani, leo nimewekewa msiba na hakuna aliyekufa!

Niko Kishanda, kwenye kibanja cha bibi, nachimba katikati ya migomba. Nasomea matetemeko ya ardhi tangu nyumba yake ya enzi za ujamaa ilipomwangukia akafariki.

Nilitaka kuona udongo ulipokatika siku ile ya tetemeko.
(Shimo refu kama mtu. Sikuwaza kabisa!)

Mara majirani hao, na ndizi za msiba, wakidhani nachimba kaburi. Shangazi, binti wa bibi, anauliza: "Nani tena?"

Nikaeleza. Wakacheka. Shangazi hakucheka.

"Kaburi tupu halilali wazi."

Wakalaza mgomba ndani badala ya maiti, wakafukia. Sijapiga hata picha!

Nikamwomba nichimbe tena kesho.

"Chimba, mwanangu. Ila niambie kwanza, tetemeko litarudi lini?"

Nyie mngemjibu nini?