Kamba ya Kwenda Chooni

Harufu ya blanketi lililoloa, sufu na sabuni ya mche, hunirudisha katika uwanja wa shule ya watoto wasioona kule Kasulu, miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa.

Mama yangu, ambaye kwa Kiha tulimwita Mawe, alikuwa mlezi wa bweni la wasichana. Aliwaogesha, aliwafulia, aliwachana nywele. Kutoka bwenini hadi chooni alifunga kamba ya katani, usawa wa kiuno cha mtoto, akaipiga mafundo kwa mpango wake: fundo moja, njia inapinda; mawili, mbele yako kuna ngazi ya tofali; matatu, umefika. Mtoto mgeni alifundishwa kamba kabla hajajua majina ya wenzake.

Mimi nilikuwa naona vizuri, ila kusema ndiko kulikokuwa kazi. Mwalimu akinitaja darasani, nilijibu kwa midomo tu. Wasichana wa bweni walinitambua kwa harufu ya moshi wa jikoni, wakanitania: "Paka wa mama mlezi huyo, kapita."

Jumamosi moja mablanketi yalikuwa mengi na jua dogo. Kamba za kuanikia zilipojaa, nilifungua mwisho wa kamba ya chooni, nikauvuta hadi penye jua, nikaufunga kwenye kigingi ng'ambo ya shimo la choo kipya. Shimo lilikuwa refu. Wachimbaji walishuka kwa ngazi. Alasiri nikaanua mablanketi. Kamba nikaiacha, nikasema nitairudisha nikimaliza kuchambua maharage.

Nilikuwa mlangoni pa jiko, ungo mapajani, nilipomwona Sabina. Alikuwa na miaka saba, ameletwa kutoka Busunzu wiki ile ile, na asubuhi alikuwa amejigamba kwamba sasa anakwenda chooni peke yake. Mkono ulikuwa juu ya kamba. Alikuwa akihesabu mafundo kwa sauti.

Ungo ukaanguka. Nilikimbia hadi hatua chache kutoka kwake, nikasimama. Nikimshika ghafla, atashtuka aanguke. Nikafungua mdomo nimwambie asimame. Midomo ikacheza bila sauti, kama darasani.

"Mawili," alisema Sabina, akanyoosha mguu kutafuta ngazi. Hakuikuta. Udongo ukamong'onyoka chini ya kidole chake, ukaanguka shimoni, na ukachukua muda kutua. Akarudisha mguu. Akatulia, kichwa kimeinama upande wangu. Kisha akapaza sauti:

"Mama mlezi! Choo kimehama!"

Mawe alikuja mbio, akambeba. Nyuma yake akafika mwalimu mkuu.

"Nani kafungua kamba hii?"

Mawe aliitazama kamba, akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu.

"Ni mimi, mwalimu. Nilisahau kuirudisha," akasema Mawe.

"Mtoto wa watu huyu, mama! Siku nyingine utarudi kulima mihogo."

"Ndiyo, mwalimu."

Jioni nilipompelekea Sabina uji, alinishika mkono.

"Ulikuwepo wewe. Nilikusikia ukihema, nikasimama nikingoja uniambie ngazi iko wapi. Mbona hukusema?"

Nilimwachia kikombe nikakimbia. Kwa miaka mingi niliamini alikuwa akinishtaki.

Leo mimi ndiye mlezi katika shule kama ile. Kila ninapoingia bwenini hutangulia kusema, "Ni mimi Pendo, niko mlangoni." Walezi wapya hunicheka, eti napiga hodi kwenye nyumba yangu. Nimekwisha kujua kwamba Sabina hakunishtaki. Alikuwa akinieleza kazi yangu.

La Mawe ndilo nililochelewa kulielewa. Kabla hajasema "ni mimi", alinitazama kwanza. Nilidhani amekasirika. Nilipopata binti wangu na kumwona kwa mara ya kwanza akisita kusema kosa lake, ndipo nilipoelewa kwamba naye alikuwa ananingoja. Wakati huo tulikuwa tumeshamzika Mawe kijijini Muyama.