Anaamini Nina Mwanamke Mwingine, Kumbe ni Sigara

Admin, naomba usitaje jina langu wala ofisi ninayofanyia kazi, maana kwenye ukurasa huu wamo watu wanaonifahamu. Majina nitakayotumia si ya kweli.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mwenyeji wa Kondoa, karani wa masjala hapa Dodoma mjini. Nimepanga chumba Chang'ombe. Nina mchumba, nitamwita Hadija, mwalimu wa shule ya msingi huko huko Kondoa. Au niseme nilikuwa naye. Sijui, ndiyo maana naandika.

Nilianza kuvuta sigara chuoni. Hadija alilijua hilo mapema, naye akanieleza kwamba baba yake alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Miezi ya mwisho mzee hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, na Hadija ndiye aliyekuwa akimwegemeza mpaka kunakucha. Aliniambia, "Mimi sitakugombeza. Ukivuta nitaondoka tu, sina tena mgongo wa kuegemewa." Akanisaidia kuacha. Kila siku saa nne, muda wa chai, wavutaji wa ofisini wanapokwenda nyuma ya jenereta, alinipigia simu kutoka shuleni na kunisimulia vituko vya watoto wa darasa la pili mpaka chai iishe. Niliacha kweli. Posa ilipopelekwa, baba yake mkubwa aliuliza kama kijana anavuta. Mshenga wangu akajibu bila kusita, "Alivuta, ameacha. Hilo nalibeba mimi."

Kisha likapotea faili. Nikatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi, nikawa silali wala sili. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Vuta moja utulize kichwa, kwani unaioa?" Faili lilikuja kuonekana chini ya magazeti mezani kwa bosi mwenyewe, na hakuna aliyeniomba radhi. Lakini mimi nilikuwa nimesharudi nyuma ya jenereta.

Kwa hofu nikanunua udi na chetezo. Kila jioni nikawa nafukiza chumba na mashati yangu ili harufu ya sigara isisikike. Niliona nimefanya la busara. Hadija alipokuja Dodoma kwa dada yake, Area D, wakapita kwangu wote wawili kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Hadija alisimama mlangoni kidogo, akaenda moja kwa moja kwenye mashati yaliyotundikwa. Akanusa la kwanza, akanusa la pili.

"Nani anakufukizia?"

Nikajifanya natafuta futi ya kupimia dirisha.

"Nakuuliza kwa heshima. Mwanaume anayeishi peke yake hajifukizii udi. Hata mimi mchumba wako sijawahi kukufukizia."

Dada yake akadakia, "Twende zetu, Hadija. Mashati yameshajibu."

Ilikuwa inatosha niseme sentensi moja. Sikuisema. Nilimkumbuka yule mzee aliyelala ameketi, nikamwacha mtoto wa watu aamini nina mwanamke. Aliondoka analia huku amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika mkononi.

Mama mwenye nyumba wangu, nitamwita Mama Sofi, alisikia kilio akaja. Nilimweleza yote. Kesho yake nikamweleza na Kaka Yona, dereva wa ofisini kwetu, Mgogo, mlokole, ambaye naye alivuta miaka mingi kabla hajaacha. Tangu hapo hawajaniachia. Saa nne Kaka Yona ananipitia masjala na karanga mfukoni, tunazunguka jengo. Wavutaji hutucheka: "Mchungaji huyo, na kondoo wake mmoja!" Naye huwajibu, "Huyu mmoja ananitosha, ninyi mbuzi endeleeni." Jioni Mama Sofi ananisubiri mlangoni: "Shikamoo baadaye, mwanangu. Kwanza pumua." Kuna siku nilishindwa nikavuta. Alininusa, akanichemshia chai ya tangawizi na kukaa nami uani mpaka nilipomaliza kulia. Asubuhi tukaanza upya. Sasa zimepita wiki kadhaa sijagusa sigara.

Juzi Hadija akaniandikia: "Nimelia, nimeswali, nimekusamehe. Binadamu huteleza. Sitaki hata kulijua jina lake. Jumamosi nakuja, uniambie kwa mdomo wako kwamba mmeachana, tuendelee na mipango yetu."

Nilijibanza katikati ya makabati ya mafaili, nikalia kama mtoto.

Jioni Kaka Yona alinisindikiza nyumbani, nikawasomea yeye na Mama Sofi. Kaka Yona akasema, "Mwambie ukweli, mdogo wangu. Utaanzaje ndoa kwa kuachana na mwanamke ambaye Mungu hajamuumba?"

Mama Sofi akamkata, "Yona, wewe mwanaume, hujui. Mwanamke anaweza kusamehe habari ya mwanamke mwenzake. Jeneza la baba yake hawezi kulisamehe. Wewe mwanangu funga mdomo, acha sigara, oa."

Wote wananipenda, na wote wameninyima usingizi. Nikisema ukweli, Hadija ataondoka kama alivyoahidi, na mshenga wangu ataaibika mbele ya wazee. Wala siwezi kumwapia kwamba sitarudia, maana nilishaacha nikarudi. Nikinyamaza, nitamuoa.

Lakini jana nilimpigia dada yake, naye akaniambia kwa ukali kwamba siku hizi Hadija anasimama mbele ya kioo muda mrefu, anamuuliza, "Dada, mimi nimepungukiwa nini?" Hajapungukiwa kitu. Na ni mimi peke yangu ninayeweza kumwambia hivyo akaamini.

Ndugu zangu, Jumamosi ni keshokutwa. Hasa ninyi mlio wake za watu, na ninyi mliowahi kuuguza mgonjwa wa mapafu, msinitukane, nishikeni mkono: akifika na kuketi mbele yangu, nimwambie nini?