Sungura Aliyemrudisha Mama

Nilipokuwa mtoto kule Dranya, nje kidogo ya Koboko, niliomba Mungu aharibu safari za mama. Alikuwa akivuka mpaka kuuza samaki wakavu Sudani, na kila akienda nilibaki na bibi na kuku ambao hawakunipenda.

Kwetu, sungura wa porini akikatiza mbele ya msafiri, safari imevunjika. Unarudi, unatua mzigo mlangoni, unalala, unajaribu kesho. Mtu mzima habishani na sungura.

Asubuhi moja mama alirudi kabla sijamaliza kulia.

"Nini tena?" bibi akauliza.

"Sungura imekata njia, mama. Kubwa, masikio kama ya punda."

"Basi tua mizigo."

Siku hiyo alinisuka nywele, akala mihogo nasi, akanicheka nilivyomfuata mpaka mlango wa choo. Sijampenda mnyama yeyote kama sungura yule ambaye hata sikumwona.

Kesho yake bibi alitangulia njiani na fimbo, akipiga majani kulia na kushoto.

"Bibi, mbona unawafukuza?"

"Mama yako iko na safari, mutoto. Ama tutakula masikio?"

Hakuna sungura aliyethubutu. Mama akaenda, vita vikafunga barabara, na aliporudi nilikuwa nimemzidi kimo. Tulipeana mikono kama wageni kanisani.

Siku hizi naishi kaskazini ya mbali, ambako sungura wa porini hugeuka weupe theluji ikianguka. Wenyeji huwapiga picha, wengine huwatia chunguni. Majuzi, nikielekea uwanja wa ndege ili nifike Arua na hatimaye kwa mama, mmoja akakatiza barabara. Mimi, mwanamke wa pasipoti iliyojaa mihuri, nikamwambia dereva ageuze. Alidhani nataka kutapika. Nilipomweleza, aliendesha polepole sana, kama amebeba mgonjwa.

Nilitua begi mlangoni. Hakukuwa na mtu ndani wa kuuliza "Nini tena?" Nikampigia mama.

"Uko ndani ya ndege?"

"Sungura imekata njia, mama."

Nilitegemea acheke. Alikaa kimya, nikasikia redio ya jirani yake.

"Haya. Lala, utajaribu kesho," akasema. "Huku tulikuwa tumeshapika."

Nilikaa na koti mwilini mpaka dirisha likawa jeusi. Maisha yangu yote nilidhani mila ile ilikuwa ya kumlinda anayesafiri. Kimya cha mama, kimya cha anayebaki akingoja, nilikitambua mara moja. Nilikuwa nacho mimi, njiani kule Dranya, nikitazama majani yakitulia baada ya mama kupita.